Unga wa Kuvukia

Nilipokuwa mtoto hapakuwa na wa kunishinda kijijini kwetu, kusini ya Songea, kando ya mto Ruvuma. Kuogelea mimi, manati mimi, kutoroka shule mimi. Katika hilo la mwisho nilibobea hadi nikaacha kabisa darasa la sita, na bado mageti makali ya mjini hapa nimeyachomelea mimi. Vijana wa kijiweni nimewasimulia mara nyingi jinsi kiboko alivyotupindulia mtumbwi. Uongo. Hapakuwa na kiboko.

Siku ile bibi alitutuma mimi na Fulgensi, mtoto wa shangazi, tukavunje mahindi mabichi shambani kwake ng'ambo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwenzangu tisa. Bibi alinipa konzi moja ya unga wa ulezi, kaufunga kwenye jani la mgomba.

"Kabla hamjakanyaga mtumbwi, chuchumaeni, mmwage majini. Waambieni wazee waliotangulia kwamba nyie ni wajukuu zangu, wawavushe."

"Sawa, bibi."

Sasa mfukoni nilikuwa na sukari niliyoichota kabatini kwake. Tulipofika mtoni nikachanganya, nikabugia.

Fulgensi akatoa macho. "We! Si wa wazee huo?"

"Wazee walishakula enzi zao. Unataka, hutaki?"

"Sitaki. Nitamwambia bibi."

"Kaseme, uone kama nitakuvusha tena."

Kwenda tulivuka vizuri, nikamcheka njia nzima. Kurudi tulipakia kiroba cha mahindi. Tukikaribia ukingo, nikasimama wima nyuma ya mtumbwi na pondo la kusukumia mkononi, kama wanavyosimama watu wazima, nikikata kiuno.

"Kaka, kaa chini!"

"Tulia, tazama fundi."

Pondo likanasa kwenye tope. Nikaling'ang'ania, mtumbwi ukalala upande. Mimi nilidaka matete. Fulgensi hakuyafikia. Niliona mkono wake, halafu nikaona maji tu.

Wavuvi waliokuwa wakitega nyavu pale kwenye kona walimshika kwa shati. Alitapika maji, akaugua homa wiki nzima, na sikio lake la kushoto halijasikia hadi leo.

Jioni ile bibi alikuwa kando ya kitanda cha Fulgensi, akaniita.

"Unga mliumwaga?"

"Tuliumwaga, bibi."

"Wote?"

"Wote."

Fulgensi alikuwa macho. Alinitazama, akageukia ukutani. Bibi akaitazama mikono yake mwenyewe, upande mmoja kisha mwingine, kama mtu anayetafuta uchafu.

"Basi mkono wangu wazee wameukataa," akasema.

Nilidhani yatapita. Hayakupita. Ilipofika siku ya kuombea mbegu, bibi, ambaye ndiye aliyekuwa akimwaga unga kwa niaba ya ukoo mzima, alisukuma ungo mbali. "Mwiteni mdogo wangu. Mimi sisikilizwi." Mwaka uliofuata vilevile. Hata wajukuu wachanga aliacha kuwashika kichwa kuwaombea. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie? Mdomo huu unaojua kupanga bei na kutongoza ulikuwa unaishia kusema, "Shikamoo, bibi."

Kama mto unataka unga kweli, sijui. Najua mtumbwi niliuzamisha mimi, kwa kiuno changu. Ila ule unga nilioula ndio uliomwondolea bibi watu wake aliozoea kuzungumza nao, akakaa miaka yote hiyo akidhani wamemnunia.

Alipofariki mwaka jana, baada ya padri kumaliza, wajukuu tulipewa ungo wa ulezi, kila mmoja amwage kaburini. Zamu yangu ilipofika nilichuchumaa. Nilimwaga, nikakung'uta viganja, nikachokonoa hata uliobaki kwenye kucha.

Fulgensi alikuwa nyuma yangu. Akainama.

"Leo hujala, kaka?"

Alisema kwa utani, kwa sauti ya chini, kisha akanigeuzia sikio lake zima, asikie jibu.