Kiti cha velvet nilichomshonea mke wangu, na safari zetu za Limuru kwa baiskeli

Wakuu, salamu kutoka Ngong Road. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka kubisha apite karakana yangu, nitampa stuli abishe akiwa amekaa.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa sofa. Shule niliachia darasa la sita, lakini viti vyangu viko ndani ya nyumba za Lavington ambazo wengi wenu mmeona ukuta tu. Nilianza na nyundo ya kuazima. Leo niko na karakana, nyumba Jamhuri, na mafundi wananiita boss. Sijisifu, naeleza tu.

Sasa, mke wangu Mama Ciku ana saluni Kenyatta Market. Anashinda amesimama akisuka watu, mimi nashinda na misumari. Watoto wako boarding. Tulikuwa tunakutana jioni kwa meza, tunaangalia news, tunalala.

Customer mmoja akahama nchi, akaniachia mountain bike mbili. Hardtail, yaani springi iko mbele tu, nyuma ni chuma. Tukaanza kwenda nazo Jumapili baada ya kanisa, mpaka kwa mama mkwe wangu, Limuru.

Wakuu, hiyo njia ndiyo ilituanzishia maongezi tena. Siku moja alinichekesha hadi nikashuka nikaegemea fence ya watu.

Shida ni murram, ile barabara ya changarawe. Tukipita Kikuyu anaanza kuumia makalio na mgongo. Jumapili moja akasema, polepole tu, "Baba Ciku, wewe endelea na baiskeli. Mimi nitakuwa napanda matatu."

Hiyo ilinichoma. Lakini starehe si ndiyo kazi yangu? Nikamshonea kiti cha baiskeli: sponji ya inchi nne, velvet ya maroon, vifungo juu kama vya sofa. Mafundi wakapiga makofi. (Mimi ndiye nawalipa, wangefanya nini.)

Alikaa kama malkia hadi Lavington. Kufika Kangemi akaanza kujigeuza-geuza. Mbele kidogo akashuka, miguu imekufa ganzi, machozi yako karibu. Ile sponji ilikuwa imemmeza, inambana katikati kila akikanyaga pedali.

"Hii ni kiti ya wageni," akaniambia. "Watu hukalia wakunywe chai. Hawaendi nayo Limuru."

Nilicheka, halafu nikaacha. Tulirudi kwa miguu, nikisukuma baiskeli zote mbili. Nilijua nikikosea tena, Jumapili zetu zimeisha.

Nyumbani nikamuuliza kitu ambacho mimi huuliza kila customer, na yeye sikuwa nimemuuliza: unaumia wapi hasa?

Nikaweka kipande cha katoni juu ya stuli, nikamwambia akae ameinama mbele kidogo. Alipoinuka, mifupa ilikuwa imeacha alama mbili. Nikazizungushia chaki.

"Unanipima kama kochi," akasema.

"Kochi halinijibu hivi."

Nikatafuta kiti cha mtumba, kigumu kiasi, nyuma kipana cha kubeba hizo alama, mbele chembamba. Nikakiinua hadi mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Nikakisogeza mbele, maana mikono yake ilikuwa inavutika. Tairi nilikuwa nazijaza kama jiwe, nikapunguza upepo. Na kwa njia mbaya nikamwambia asimame kidogo kwa pedali, magoti yalegee, baiskeli icheze chini yake.

"Kusimama nakushinda," akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Jumapili iliyofuata niliendesha nyuma yake, nikiangalia mgongo wake tu. Kangemi. Kikuyu, akinipigia story ya saluni. Murram ikaanza. Akasimama, akakaa, akasimama. Hakugeuka.

Kwa mashamba ya majani chai kuna njia panda. Kulia unafika kwa mamake mara moja, kushoto unazunguka bonde lote. Akasimamisha baiskeli, akaweka mguu chini. Nikajua basi, amechoka.

"Tuzunguke," akasema. "Sijamaliza kukupea ile story."

Wakuu, nilijifunza hivi: ulaini si starehe, na usitengeneze kitu ya mtu kabla hujamuuliza anaumia wapi. Hata kama wewe ni fundi kama mimi, na mafundi kama mimi ni wachache.

Kuna kitu moja bado. Vidole vyake vya mwisho vinakufa ganzi kwa handlebar tukikaribia Limuru. Mwenye dawa aandike hapa chini, na aandike vizuri. Mama Ciku ndiye husoma kwanza.