Siku Kompyuta ya Mizani Iliponitaja Mimi

Kuna watu hapa ufuoni ambao wakiniona mpaka leo wanashika mdomo, na mimi siwalaumu sana (nawalaumu kidogo), kwa sababu aibu niliyojipaka asubuhi ile mbele ya akina mama wa samaki na mbele ya mwenyekiti wa ufuo, tena kwa televisheni kubwa, hakuna adui angeweza kunipaka hata angelipwa. Afadhali nieleze mwenyewe, maana ukimwachia mwenzangu wa kazi, Ouma, aeleze ataanzia katikati, pale panapochekesha.

Kazi yangu ni mizani. Ufuo wetu uko upande wa Asembo Bay, jina lake sitaji. Mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa, wakishatoka kwa boti wanapandishwa kwa mizani ya umeme, waya unaingia kwa kompyuta ofisini, na uzito unatokea kwa televisheni iliyotundikwa kwa veranda, ili mama anayenunua na mvuvi anayeuza waone namba moja na wasitukanane. Shule mimi niliachia darasa la sita, lakini kubonyeza nilijifunza, na kazi hiyo nilipewa mwaka ule boti yetu ilipozama na wenzangu wawili hawakutoka. Tangu siku hiyo maji yakinifika magotini narudi nyuma. Wewe niondoe kwa mizani, umenirudisha ziwani, hakuna kazi nyingine hapa ya mtu wa umri wangu.

Sasa mashine ikaanza kukwama. Kila asubuhi, nikishafungua ofisi tu, samaki wa kwanza anapanda, namba inatokea, samaki wa pili anapanda, namba haibadiliki, na hivyo hivyo karibu saa nzima, mbuta wanalala kwa jua na Mama Zuhura (huyu ni mnunuzi kutoka Kisumu mjini, mwanamke wa Kiislamu mwenye sauti ya kusikika mpaka Port Victoria) ananiuliza kama nimelala. Mwenyekiti Odongo akanipa mpaka Ijumaa. Ikikwama tena baada ya hapo, mizani inaenda kwa Ouma, ambaye ni mpakiaji tu lakini amemaliza kidato cha nne na hakubali tusahau.

Wakosaji mimi nilikuwa nao tayari, na nitawataja kama nilivyowataja wakati huo. Wa kwanza Ouma, anayetaka kiti changu. Wa pili Mama Zuhura, anayeegemea dirisha na kuvuta waya kwa kiwiko. Wa tatu mwenyekiti mwenyewe, aliyetununulia kompyuta ya mtumba kwa mtu wa studio ya picha kule Kondele. Kwa muda wa miezi kadhaa nilikuwa nikisimamisha simu yangu kwa dirisha, inarekodi video kimyakimya, nikinuia kuunasa mkono unaochezea mashine. Nyumbani nilikuwa naziangalia video hizo huku sauti nimeifunga, ili mke wangu, Mama Awino, asiniulize ninaangalia nini, naiangalia mikono tu, na kila video naipa jina lake ili siku ya kesi nisihangaike.

Ndipo akaja Akinyi. Akinyi ni binti wa marehemu ndugu yangu, fundi wa kompyuta Kisumu, mtu mpole anayeniita Baba. Nilimwambia nataka kujua ni nani anayeharibu. Akasema, sawa, tuiulize kerneli.

Nilimuuliza kerneli ni nani.

Akanieleza kwamba ndani kabisa ya kompyuta, chini ya vile vidirisha tunavyoona, kuna programu moja inayotawala zote, hakuna programu inayogusa diski wala mizani wala panya ile ya mkononi bila kupitia kwake, kama vile hapa hakuna boti inayoshusha samaki bila karani wa ufuo kujua. Na walioitengeneza waliacha ndani yake vituo vya kusikilizia. Ukikaa kimya, vituo navyo vimekaa kimya. Ukivifungua, kila jambo linapotokea vinakuandikia: saa ngapi, programu gani, imefanya nini. Akafungua, mistari ikaanza kupanda kwa skrini. Programu ya mizani imeamka. Imesoma waya. Imeandika kwa diski. Imelala.

Nakwambia ukweli, nilisahau mpaka wakosaji wangu. Niligusa panya, mistari ikaruka kama omena, wale dagaa wetu, wamemulikwa taa. Nikaondoa mkono, ikatulia. Nikabonyeza herufi moja tu, moja, nikaona kelele yote ambayo ile herufi moja inaleta kule ndani, huyu anaamshwa, huyu anasubiri, huyu anampa mwingine nafasi. Miaka yote hiyo nilidhani kompyuta ni kitu kimoja, kumbe ni soko. Nilimuuliza Akinyi maswali mpaka chai yake ikapoa (kwa nini hii inalala, nani anaiamsha, na huyo anayeamsha anaamshwa na nani), naye akajibu yote.

Kabla hajaondoka akaniandikia maagizo kwa karatasi. Ikikwama, nibonyeze alama aliyoniwekea, nihesabu dakika moja, nifunge, nimtumie faili. Akanionya, na hili alilisema mara mbili, nisiweke hiyo mistari mahali watu wanaona. "Baba, hii inaandika hata majina ya mafaili yanayofunguliwa. Haifichi mtu."

Mimi hapo ndipo niliposikia vizuri. Haifichi mtu! Na ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo.

Ijumaa nilifika mapema. Nilifungua ofisi, nikachomeka simu yangu kwa nyuma ya kompyuta ipate chaji kama kawaida, nikaifunika na gazeti. (Kwa ukuta nilikuwa nimebandika tangazo kwamba ni marufuku kuchaji simu ofisini, tangazo nililoandika mimi, kwa ajili ya wengine.) Samaki wa kwanza akapanda. Wa pili akapanda, namba ikakwama, wa tatu na wa nne hivyo hivyo. Mama Zuhura akanyanyua sauti. Mwenyekiti akaja kutoka chumba cha barafu akiwa ameshikilia kiuno. Nami, badala ya kuhesabu dakika yangu kwa utulivu, nikatoka kwa veranda nikawaambia wote wakusanyike, leo tutamjua mtu anayetuharibia kazi, kwa jina, na kila mtu asome mwenyewe. Nikarudi ndani, nikabonyeza alama, nikavuta ile mistari mpaka kwa televisheni.

Mwanzo ilikuwa heshima. Watu walisogea karibu. Mistari inapanda, mimi nimesimama na fimbo ya kuonyeshea kama mwalimu, nawaeleza hii ni programu ya mizani, mnaona inataka kuandika uzito, mnaona imeambiwa ingoje, diski ina mtu. Wakauliza diski ina nani. Nikasema subirini, kerneli haifichi. Nikashuka na mistari kidogo na ndiye huyo, programu ya kunakili picha, inaandika, inaandika, inaandika, haimpi mwingine nafasi. Nikamgeukia mwenyekiti nikamwambia hiyo ni ile studio ya Kondele, umeona mtumba wako.

Ouma ndiye aliyesoma kabla yangu. Kidato cha nne.

"Mzee, inanakili kutoka kwa simu," akasema. "Na hapa inafungua faili. Inaitwa USHAHIDI OUMA KUMI NA NNE."

Nilitaka kuzima. Nikasukuma panya huku na kule, lakini sasa mashine ilikuwa imekwama kabisa, hata panya haisogei, na mistari yenyewe haikwami, hiyo ndiyo dharau yake. USHAHIDI OUMA KUMI NA TANO. USHAHIDI ZUHURA KIWIKO. USHAHIDI ZUHURA KIWIKO TENA. USHAHIDI MWENYEKITI AMESINZIA. Akina mama walikuwa wanasoma kwa sauti, kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza, na wasiojua kusoma wanatafsiriwa kwa Kijaluo. Ouma akaingia ofisini, akafuata waya, akainua gazeti. Alipoichomoa simu, namba kwa televisheni zilishuka zote kwa mkupuo, samaki wa pili, wa tatu, wa nne.

Basi mkosaji alikuwa amepatikana, na alikuwa ameshika fimbo ya kuonyeshea. Ile kompyuta ilipokuwa ya studio ilipangwa kwamba ukiichomekea simu inanakili kila kitu, upya, kila siku, na mimi kila siku nilikuwa naichomekea simu iliyojaa video ndefu za kumtafuta anayeikwamisha. Kadiri nilivyokusanya ushahidi, ndivyo ilivyokwama zaidi.

Mama Zuhura hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Nipe yangu nisikie." Wakazicheza pale pale, na sauti ikiwa juu, sauti ambayo mimi sikuwahi kuifungua. Yake ilikuwa anamweleza mwenzake habari ya goti lake linavyomuuma asubuhi, ndiyo maana anaegemea dirisha. Ya mwenyekiti ilikuwa ni kukoroma. Halafu ya Ouma, ile ya kumi na nne, yuko peke yake kwa mizani anaongea kwa simu yake na mtu ambaye hatumsikii, anasema hapana, mimi hiyo kazi sitaki, mwambie mwenyekiti atafute mtu mwingine, halafu anaongeza:

"Yule mzee akitoka hapa atarudi ziwani. Mimi ndiye nilimvuta siku ile. Siwezi kumvuta mara mbili."

Mimi sikuwa nimewahi kujua ni nani alinivuta. Nilikuwa nimekunywa maji, nilizinduka kwa mchanga, na hakuna mtu aliniambia, na kwa miaka hiyo yote sikuuliza, nilikuwa na shughuli ya kukasirika.

Mwenyekiti akauliza mkutano mizani iende kwa nani. Ouma hakuniangalia. Alisema mzee aendelee, simu ibaki kwake nyumbani, na samaki wapimwe maana jua linapanda. Wakainua mikono. Mama Zuhura aliinua wake wa mwisho, wa kiwiko, akausimamisha hapo juu kwa muda mrefu ili niuone vizuri.

Akinyi alikuja Jumatatu akaiondoa ile programu ya studio. Hakunigombeza, alinifungulia tu mistari tena, sisi wawili, televisheni ikiwa imezimwa. Mizani imeamka, imesoma, imeandika, imelala, na katikati yake mistari mingi ya jina moja ambalo sikulijua. Nikauliza huyu naye ni mkosaji gani. Akaniambia hapana Baba, hiyo ndiyo kompyuta ikiwa haina kazi, inaandika kwamba imepumzika.

Bado napenda kuiangalia, sikatai, nikimaliza samaki nafungua dakika moja nisome. Lakini nimeapa mbele ya Mama Awino na mbele ya Ouma, ambaye siku hizi namnunulia chai na hataki tuongelee siku ile ya boti: siku nyingine nikitaka kumtafuta mtu mwenye makosa, nitaanza kwa kuchomoa vitu vyangu.