Mlango wa Ofisi ya Ajira

Mume wangu alipasua magogo kwa miaka ishirini na mitatu, na ile misumeno ikayala masikio yake. Kiwandani hilo halikumsumbua mtu. Pale hata ukipiga kelele kama mwendawazimu husikiki, kwa hiyo wote walizungumza kwa mikono: kiganja shingoni, zima mashine; ngumi ikizungushwa, ongeza mwendo; ukivuta shavu, msimamizi anakuja. Akaja na lugha hiyo nyumbani. Wanetu walijua kuomba chai kwa vidole kabla hawajajua kusoma.

Kisha kiwanda kikafungwa. Eti misitu imeisha, kana kwamba ilijikata yenyewe. Kile cha karatasi nacho kikaleta mashine inayofanya kazi ya watu arobaini na haiombi likizo. Mkoa mzima kilibaki kiwanda kimoja, cha plaiwudi, kikatangaza nafasi sita. Tulikuta foleni imezunguka ukuta. Humo niliwaona hata wasimamizi wa zamani wa mume wangu, kila mmoja na bahasha yake kwapani. Roho iliniuma.

Lakini tulikuwa na mpango. Meza ya mkubwa wa ajira imeupa mlango mgongo, na mlango huwa wazi. Mume wangu aketi ndani akinitazama, mimi nikae kwenye benchi la korido, nyuma ya mkubwa. Mkubwa akiuliza, mimi naonyesha kwa mikono. Ni ulaghai, najua. Nani angemwajiri kiziwi?

"Umefanya kazi hii muda gani?"

Nikaonyesha.

"Miaka ishirini na mitatu, bosi."

"Umewahi kukatwa na msumeno?"

Nikapitisha kiganja juu ya vidole.

"Vyote kumi ninavyo. Hesabu mwenyewe."

Mkubwa akacheka. Mimi huku nje nilishaanza kuiona sare mpya ikikauka kwenye kamba yetu.

Mara akanyanyuka. Alinikuta mikono iko juu, nikajifanya najipepea.

"Samahani, mama," akasema. "Vumbi la mbao linaingia sana." Akafunga mlango.

Nikabandika sikio kwenye ubao.

"La mwisho, mzee wangu. Masikio yako yako sawa?"

Kisha nikamsikia baba watoto wangu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata kazi:

"Hata kesho asubuhi, bosi. Niko tayari."