Ile Haikuwa na Sauti

Kaka yangu aliacha kusema baada ya kuwazika mkewe na kichanga chao siku moja. Kwanza aliacha kazi, halafu chakula, mwisho maneno. Nilipomfikisha Ndera, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Kigali, daktari aliniambia, "Mletee kitu alichokipenda utotoni."

Nilikijua. Tulikulia Mwanza, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, na jirani yetu alikuwa na gemu ya kanda, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Sisi wengine tuligombania zamu. Kaka alitaka kujua gemu zilianzia wapi, akasoma kila alichokipata, akatuchosha kwa kutusimulia.

Fundi mmoja wa Gisozi alinipatia mashine kuukuu ya aina ile. Niliibeba hadi Ndera pamoja na televisheni yangu ya zamani, maana mpya hazina matundu ya nyaya zake.

"Leo iko alikula kidogo," muuguzi alinieleza mlangoni. "Komera, dada, jikaze."

Niliwasha. Kifaru kidogo cha vita kikatokea kwenye kioo. Nilimpa kaka pedi ya kuchezea, ikamteleza mikononi ikaanguka. Kifaru kikapigwa, kikalipuka, kikarudi, kikapigwa tena.

"Kaka, cheza basi. Ni mimi, mdogo wako."

Hakunitazama. Nikaanza kumsimulia yale aliyonifundisha mwenyewe, haraka haraka, kama mtu anayeita kwenye nyumba inayoungua. Kwamba wanasayansi walichezesha nukta ya mwanga kwenye kioo cha maabara ili kuwafurahisha wageni. Kwamba vijana wa chuo kikuu walipiganisha vyombo viwili vya angani kwenye kompyuta kubwa kama kabati. Kwamba baadaye zikaja mashine za kuweka sarafu kwenye mabaa, kisha ya kwanza ya kuchezea nyumbani, ambayo haikuweza kuchora uwanja, hivyo watu walibandika plastiki yenye picha kwenye televisheni.

"Na kwenye hiyo ya nyumbani, mpira ukigonga fimbo ya kuurudishia, mashine inalia ti! ti!"

"Ile haikuwa na sauti," kaka akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Nilimshika mabega. "Sema tena! Kaka, nakuomba, sema tena!"

Akageukia ukutani.

Nikachanganyikiwa. Nikamtupia kila uongo nilioweza kuutunga. "Ilikuwa na rangi zote! Ilitengenezwa kwa mbao! Ilibuniwa hapa Kigali! Nikatalie basi!" Nilikuwa napiga kelele na kulia. Muuguzi akanitoa nje taratibu.

Daktari alisema neno moja ni neno, nivumilie. Nimerudi kila Jumapili, na hajasema jingine. Sasa nikitoka kazini, kwangu Gahanga, nasoma habari za mashine zile za mwanzo, nani aliunda nini, ipi ilitangulia ipi, natafuta kosa la kumwambia ambalo hataweza kulivumilia.