Bi Amne wa Bwawani na Mtaa Usioitika

Na tena lile la wazimu lifuteni kabisa. Mshalisema barazani, mshalisema dukani, na jana Talib wa kamati ya mtaa kalisema mbele ya sheha, wenzake wakatikisa vichwa kama mbuzi wanaocheua. Bi Amne hana wazimu. Kama hapa mtaani Kwa Binti Sururu kuna mwenye wazimu, ni yule alotia kufuli kwenye geti la bwawa ikishaadhiniwa alasiri tu, halafu akasema ni kwa usalama.

Usalama wa nani?

Talib kanambia, "We Mcha unatetea gari lako la miwa. Geti likifungwa utamuuzia nani, vyura?"

Nkamwambia, "Vyura wana adabu kuliko wewe."

Watu wakacheka, mambo yakaishia hapo, kufuli likabaki. Ndo maana naandika. Barazani mtu anakukata maneno, hapa mtanisoma mpaka mwisho.

Kwa asiyepajua, ni nyuma ya mtaa wa Amani, unaingia ndani mpaka barabara inakwisha. Zamani palikuwa shimo tu. Watu walichimba mchanga wakaondoka, masika yakalijaza, na kila mwaka maji yakitoka mle yanatuingilia vitandani. Miaka hii wakalitengeneza. Wakapanga vitofali kuzunguka maji yote, wakaweka mabenchi, wakachomeka taa za jua, wakazungushia chuma ukingoni. Asubuhi pazuri, siongopi. Yangeyange wamejaa kwenye miti kama nguo zilizoanikwa. Kina mama wanatembea na raba zao wanapunguza mwili, wakimaliza wanakuja kwangu kunywa juisi ya miwa na ule mwili unarudi.

Jioni pengine kabisa. Jua likishuka nyuma ya nyumba, lile bwawa linakuwa jeusi kabla mbingu haijawa nyeusi. Kenge anatoka majini anavuka njia taratibu, mkia wake unaacha mstari wa maji kwenye vitofali, mpaka utasema mtu kapita anaburura kamba. Komba analia mtini, na komba akilia ni mtoto mchanga yule, huwezi kutofautisha. Vyura wanapiga kelele halafu wote wananyamaza mara moja, kama kuna alowaambia nyamazeni. Na ile njia ni duara. Ukitembea unamuona mtu ng'ambo ya maji, anatembea kama wewe, ukisimama naye kasimama. Mara nyingine ni mtu kweli. Mara nyingine unazunguka mpaka pale alipokuwa, vitofali vikavu, hapana mtu.

Pale ndipo anapokaa Bi Amne kila siku. Benchi la mwisho, karibu na mafunjo. Anashona kofia za vitobo, zile za kiume, anazungushia uzi kitobo kimoja kimoja mpaka kofia inasimama yenyewe. Mikono yake inakwenda bila ya macho. Macho yako majini. Nikifunga gari langu napita kumwamkia.

"Shikamoo Bi Amne."

"Marahaba, baba. Leo hukuniletea miwa?"

"Miwa imekwisha, Bi Amne."

"Miwa haijesha. Wewe umekuwa bakhili."

Ndo mwendawazimu huyo.

Sasa nikwambieni kwa nini anakaa pale, ingawa wakubwa wote wa mtaa wanajua, wanajitia kusahau.

Bi Amne alikuwa na mume, Ubwa. Mie nlikuwa mdogo, lakini namkumbuka. Mtu mrefu, ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, kila jioni anakwenda kuwakatia majani ukingoni mwa lile shimo. Akinipita nacheza ananiita, "Mchaaa," anaivuta hivyo, mpaka nimwitike ndo ananipa kipande cha muwa. Nisipoitika hanipi.

Masika moja akenda kukata majani, udongo ukamkatikia. Mle chini si maji tu, ni tope, linakushika miguu halikuachii. Na ilikuwa magharibi.

Mnajua sote tulivyolelewa. Magharibi ukisikia unaitwa na humuoni anayekuita, usiitike. Si mtu yule. Ukimwitika umempa njia. Bibi zetu walitufunza hivyo, wakatufinya tulipokosea, na mpaka leo mtoto akiitika ovyo jua likitua anapigwa kofi la mdomo.

Basi Ubwa akaita. Alimwita mkewe kwanza. Bi Amne alikuwa jikoni, akasimama aende, mkwewe akamshika kanga. "Hujui saa hii ni saa gani? Kaa." Bi Amne akakaa. Ubwa akamwita Bakar, aliyekuwa jirani yake ukuta kwa ukuta. Bakar akafunga dirisha. Akamwita babaake Talib. Dirisha likafungwa. Aliita nyumba kwa nyumba, kila mtu kwa jina lake, na mtaa mzima ukafunga madirisha ukasoma kula'udhi za kujikinga. Mwisho akawa anaita watoto. Mie nlikuwa chini ya kitanda cha mama, mama kaniziba masikio, na hata hivyo nlisikia.

Asubuhi wakamtoa. Mkononi kashika mafunjo, hayakuweza kuachishwa, kazikwa nayo.

Hakuna alosema kitu. Walisema ajali, Mungu kapenda. Mungu kapenda, sawa, lakini madirisha tumefunga sisi.

Tokea pale Bi Amne anaitika. Hilo ndo kosa lake, hana jengine. Sauti yoyote ikitoka bwawani magharibi, iwe ndege, iwe komba, iwe mtoto wa mtu anacheza, yeye anasema "Naam," anasimama, anakwenda kuangalia. Akikuta hapana mtu anarudi, anatandika kanga yake nyuma ya benchi, anasali, anakwenda zake nyumbani. Watoto wakamwogopa. Wakubwa wakaanza maneno: ati yeye ndo anayalisha mashetani ya bwawani, anayaitika, ndo maana hayaondoki.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe, wiki ilopita.

Nlichelewa kufunga. Mashine ilikwama na kijiti, nkawa naigonga, mpaka jua likaenda. Nkapita benchi la mwisho kumwamkia Bi Amne, nimbebee kikapu twende. Bwawa lilikuwa limelala. Sikuona ndege hata mmoja, na yangeyange saa zile ndo wanagombania matawi. Kibandani kwake Bakar, maana siku hizi yeye ndo mlinzi wa pale, redio ilikuwa inaimba taarabu kwa sauti kubwa sana, sauti ya mtu anayetaka kuziba kitu.

Bi Amne sindano imesimama hewani.

"Umesikia?" akanambia.

"Sijasikia kitu, Bi Amne. Twende."

"Nyamaza basi."

Nkanyamaza. Vyura wakanyamaza. Na mle kwenye mafunjo, mbali kidogo, mtu akaita.

"Mchaaa."

Mie si mwoga. Nshapigana na watu wawili sokoni Darajani kwa ajili ya pahala pa gari. Lakini wallahi nlilishika lile benchi kwa mikono miwili. Sauti haikuwa ya kupiga kelele, ilikuwa ya mtu anayekuita uje uchukue kitu.

"Mchaaa."

"Unaitwa," Bi Amne akasema. Kasema kama mtu anayekwambia shati lako limechomoka.

Nkatikisa kichwa.

"Itika, mwanangu."

Sikuweza. Basi akainuka yeye, akatia sindano kwenye kofia, akaitika kwa niaba yangu. "Naam. Yupo. Anakuja." Akaanza kwenda, na mie nkamfuata, kwa sababu kubaki peke yangu kwenye lile benchi nliona ni kubaya zaidi.

Tukafata njia mpaka pale vitofali vinapokwisha, karibu na mtaro. Pale chuma za ukingo hazipo. Zimeibiwa zamani, kila mtu anajua, na hao wanaojali usalama hawajawahi kuzirudisha. Ile sauti haikuita tena. Bi Amne akasimama, akaangalia chini, akasema, "Toa simu yako umulike."

Nkamulika. Tope, mafunjo, maji. Halafu macho mawili.

Alikuwa Mzee Valimohamed, yule mwenye duka la vipuri vya baskeli. Daktari kamwambia atembee kwa ajili ya sukari, basi kila jioni anazunguka bwawa pole pole na bakora yake. Kateleza, kaingia, tope limemfika kifuani. Mdomo unafunguka unafumba, sauti haitoki.

Nlitoa kelele ya kumwita Bakar, na Bakar, mnajua tena, akaongeza redio. Bi Amne akavua kanga yake moja, akaifunga na nyengine, akanipa ncha. "Lala chini, usisimame. Ukisimama utakwenda na wewe." Nkalala kifudifudi kwenye tope, nkamfunga mzee chini ya makwapa, tukavuta. Lile tope linavuta na lenyewe, linatoa sauti kama ng'ombe anayenyonya. Tulivuta mpaka nkaona nyota za uongo. Alipotoka alitoka kwa ghafla, sote watatu tukaanguka mgongo kwenye vitofali. Mzee akalia. Bi Amne akamfuta uso kwa ile kofia alokuwa anashona, kazi ya mwezi mzima hiyo, na hakuitazama hata mara moja.

Kesho yake nkaenda kumtazama mzee nyumbani kwake. Sauti imerudi kidogo, inakwaruza. Kanishukuru sana, akataka kunipa hiki na kile, nkakataa. Nkamwambia, "Mzee, mshukuru Mungu kwamba uliniita."

Akaniangalia. "Mie sikukuita wewe."

"Uliniita. Mara mbili. Mcha."

"Sikuwa najua kama unaitwa Mcha. Mie nakujua muuza miwa." Akanywa maji. "Nlimwita Bakar. Nlimwita Bakar mpaka koo likafunga. Nyie mlipokuja nlikuwa sina sauti zamani sana."

Mkewe akanambia kaa, baba, umepauka, nikuletee chai. Sikukaa.

Nlikwenda moja kwa moja kwa Bi Amne, nkamweleza. Alikuwa anafua ile kofia. Hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ilivuta mwisho? Mchaaa, hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akaikamua kofia, akaianika kwenye kamba, akakaa anaitazama inavyodondosha maji. "Ndo anavyoita," akasema.

Sasa mie sijui. Sikusoma sana, na mambo ya majini waulizeni masheikh. Sitakwambieni ilikuwa nani. Najua nlisikia nini, na najua mtu kapatikana hai mahala ambapo peke yangu nisingepita.

Mngefikiri mtaa utamshukuru yule mama. Badala yake kamati ikakaa skuli. Bakar kasimama, akaapa kuwa alisikia jina lake kwenye mafunjo mara nyingi mno, na alijua mara moja kuwa si mtu, ndo maana akafungua redio. Akatetemeka mbele yao, wakamwonea huruma. Mzee Valimohamed kalala na homa, hayupo wa kuwaambia kuwa alikuwa mtu. Mie nkasema, Talib akanambia nikae. Nkasema tena, akanambia nna mdomo mchafu, na ni kweli, pale nlikuwa nao. Basi wakaamua: geti lifungwe alasiri, na Bi Amne asikanyage bwawani tena, kwa sababu yeye anayaitika na yanamzoea.

Juzi nlimkuta kasimama nje ya geti, magharibi, kofia mkononi, kashika vile vyuma. Nkamwambia twende nyumbani, Bi Amne. Alikuwa anasikiliza. Mle ndani kuna kitu kilikuwa kinalia, na kwa kweli nadhani ni komba. Nadhani. Lakini kufuli lilikuwa baina yetu na kile kitu, na funguo iko mfukoni mwa Bakar, na Bakar yuko nyumbani kwake na redio.

Na ukuta wa upande wa mtaro umebomoka. Watoto wanapitia pale kwenda kuvua perege, geti likifungwa ndo wanaona raha zaidi. Mnanielewa nnachosema?

Ijumaa kamati inakaa tena, baada ya sala, pale pale skuli. Njooni. Usimwachie jirani yako aje. Semeni kufuli litoke, semeni chuma za ukingo zirudishwe, semeni Bi Amne aachiwe benchi lake. Na leo magharibi ukisikia jina lako, usifunge dirisha. Itika, vaa viatu, nenda kaangalie.