Firigisi ya Babu

Nikinusa kuku anayechemka, hadi leo nashindwa kumtazama mama yangu usoni.

Babu alikuwa amekuja kututembelea Bungoma, na kwetu firigisi ya kuku ni ya mgeni mwanamume. Mama alipompakulia, firigisi haikuwemo. Shangazi zangu wakamrukia.

"Ati umekula firigisi ya baba yetu?"

Mama aliapa, akalia, nao wakazidi kupiga kelele. Mimi niliketi mkekani nikimenya njugu, mdomo nimeufunga.

Babu akanishika kichwa. "Oneni vile huyu mtoto ametulia. Si mfanye kama yeye!"

Mama akanitazama kwa macho mekundu, akatabasamu kidogo. Niliinama, nikaendelea kumenya njugu. Firigisi ilikuwa bado shavuni, sijaimeza.