Kamba ya Mafundo Manne

Lenzi niliyoinunua mwezi uliopita inanuka kabati la mtu mwingine. Ni lenzi ya zamani, ya milimita hamsini, ile aina ya kuzungusha kwa mkono. Niliipata kwa bei nafuu kwa kijana anayeuza vifaa vilivyotumika pale Singida mjini. Nilipoifungua kutoka kwenye kitambaa chake, harufu ilinifikia kabla macho hayajaona kitu: mafuta mazito ya mashine yaliyozeeka, vumbi, na uvundo kidogo wa ngozi iliyowahi kulowa. Nilisimama nayo mkononi, na kidole gumba changu kikaanza kupapasa pete yake, kikitafuta kitu. Ilinichukua muda kutambua kwamba kinatafuta mikwaruzo ya msasa.

Mama yangu alikuwa mpiga picha Shelui, barabarani, kabla ya simu za kamera. Watu walimwita Mama Naomi, kwa jina langu, na wengine Mama Picha. Kamera yake ilikuwa moja na lenzi yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono kama hii. Aliibeba kwenye kikapu cha ukindu, mara nyingi pamoja na chupa ya mafuta ya alizeti, hivyo hata leo nikikaanga kitu kwa mafuta ya kwetu, najikuta nawaza picha.

Ngoja nieleze kidogo kuhusu lenzi ya namna hii, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu. Kamera za siku hizi zinatafuta uso zenyewe. Lenzi ya mkono haitafuti chochote. Unachungulia kwenye tundu, unaona mtu yuko kama nyuma ya mvuke wa chungu, kisha unazungusha pete taratibu mpaka mvuke unaondoka. Kwa picha ya uso unaifungua lenzi kwa upana wake wote, ili ukuta wa nyuma upotee na mtu abaki. Lakini hapo sehemu inayoonekana safi inakuwa nyembamba kama chapati. Sikio likiwa safi, pua haimo. Mtu akiinama kwa upana wa vidole viwili tu, picha imekwenda. Kwa hiyo unachagua jicho, unakaa hapo hapo, na unamwomba asisogee.

Mama alikuwa na namna yake. Chini ya kamera alifunga kamba ya katani yenye mafundo manne: la mita moja, la mita moja na nusu, la mbili na la tatu. Kwenye pete ya lenzi alikuwa amekwaruza kwa msasa alama nne. Kazi yangu, nikiwa darasa la nne, ilikuwa kushika fundo chini ya jicho la mteja, mama anarudi nyuma mpaka kamba inyooke, anazungusha pete mpaka kidole chake kiguse alama, kisha anasema, "Achia." Nachomoka, anapiga. Mimi niliona hayo ni mapambo ya kazi, kama vile mchungaji anavyokuwa na mavazi yake. Sikujiuliza kwa nini mpiga picha mwingine aliyepita Shelui na kamera mfano wa hiyo hakuwa na kamba.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo sikujiuliza. Mama alipomimina chai aliweka ncha ya kidole ndani ya kikombe, na chai ilipokigusa ndipo alipoacha. Nilichukia sana.

"Mama, umeweka kidole tena!"

"Kidole changu kina sukari," alijibu. "Kunywa."

Mwaka huo binamu yangu alipata kipaimara, na ukoo mzima ulikusanyika nyumbani kwa babu, baba yake mama, kijijini, mwendo mrefu wa baiskeli kutoka Shelui. Babu alikuwa hajawahi kupigwa picha maishani mwake. Kila ilipoletwa kamera alikuwa na ng'ombe wa kutafuta. Safari hii wajomba walimbana. Walisema wajukuu watakuja kuzaliwa wasijue sura ya babu yao, naye akakubali, kwa sharti apigwe na binti yake na si mtu mwingine. Mkanda wa filamu ulikuwa umebakiza picha mbili. Mama alizihifadhi kwa ajili yake. Hata mchungaji alipoomba moja zaidi alimkatalia kwa adabu.

Mama alimketisha babu kwenye kigoda, mlangoni mwa nyumba ya tembe, ndani kidogo ya kizingiti. Alinifundisha hilo mapema: mlango ni taa ya bure. Jua linapiga ua, ua unaurudisha mwanga, nao unaingia mlangoni ukiwa umepoa, unakaa usoni bila kuuchoma, na nyuma kuna giza la nyumba. Babu alivaa shati jipya jeupe aliloletewa na mjomba, mistari ya kukunjwa dukani bado inaonekana, na vifungo alivifunga vyote mpaka kooni. Fimbo aliiweka mbele yake. Bibi alikuwa pembeni akimcheka.

"Leo umependeza, baba. Ungekuja hivi siku ile ya kunioa nisingelia."

"Ulilia kwa furaha," babu akamjibu bila kugeuka.

Nikachukua fundo la pili, nikasogea, nikaliweka shavuni mwa babu, chini ya jicho la kulia. Mama akaanza kurudi nyuma. Kamba ikanyooka.

Babu akaruka. Naapa, mzee yule aliyekuwa akiinuka kwa hatua tatu aliruka kama mbuzi, kigoda kikaanguka.

"Mnanipima!" alisema. "Mnanipima niko hai!"

Nilidhani ni mzaha, nikacheka, lakini wakubwa hawakucheka. Kijijini kwetu, mtu anapofariki, mwili hupimwa urefu kwa kamba, na kamba hiyo hupewa vijana wanaokwenda kuchimba kaburi. Kamba ya katani, yenye fundo mahali urefu unapoishia. Kati ya watu wote pale, ni mimi tu ambaye sikulijua hilo. Mama alilijua. Ninavyodhani, alikuwa ameizoea kamba yake kiasi kwamba alisahau inavyoonekana kwa mtu asiyeizoea.

"Baba, ni ya picha tu," mama alimwambia. "Ni ya kupima mwanga ufike."

Haikuwa kweli. Kamba ile haikupima mwanga wowote, nami nilikuwa na tabia ya watoto wanaojua jambo moja vizuri.

"Sio ya mwanga," nikasema. "Ni ya kujua umbali."

"Basi piga bila hiyo," mjomba mkubwa akasema. "Wenzako wanachungulia tu wanapiga."

Mama aliishika kamera kifuani, kidole kikienda na kurudi kwenye zile alama, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Watu kama arobaini walikuwa wakimwangalia. Nami, ambaye nilikuwa nimechungulia kwenye lile tundu mara nyingi kwa kuiba, nilijua kwamba kuzungusha pete mpaka mvuke uondoke ni kazi rahisi. Niliona nafasi yangu.

"Mimi naweza," nikasema. Halafu nikaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mama hawezi bila kamba. Mimi naona tu!"

Watu wakacheka. Mjomba akapiga makofi. "Kumbe mpiga picha wetu haoni!" akasema, naye alikuwa anatania kabisa. "Tumekuwa tukipigwa picha na kipofu!"

Mama hakucheka. Alijivua kamera shingoni, akanivisha, akaurekebisha mkanda kwa sababu ulikuwa mrefu. "Haya," aliniambia polepole. "Tafuta jicho."

Babu aliketi tena. Nilichungulia. Mvuke, mvuke, kisha vikatokea vile vifungo vyeupe, vinavyong'aa, kila kimoja na matundu yake manne, na mkono wa babu juu ya fimbo wenye mishipa kama mizizi. Vilikuwa safi kiasi kwamba niliona nimemaliza. Nikapiga. Bado naisikia sauti ile, kama mtu anayefunga sanduku la bati. Nikageuka nikiwa nimevimba kichwa, nikisubiri kusifiwa.

Babu alikuwa hanitazami. Alikuwa anamtazama mama, aliyesimama mikono mitupu katikati ya ua, uso umeelekezwa upande wetu lakini kama mtu anayesikiliza badala ya kuona. Alimtazama muda mrefu. Kisha akagonga fimbo chini.

"Mtoto amecheza," alisema. "Fundi bado hajapiga. Mwanangu, njoo na kamba yako."

"Baba, si umekataa?"

"Nimekubali. Nipimeni. Nikifa, wachimbaji watakuwa na vipimo tayari, hawatanisumbua."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kwanza, na maneno ya mjomba kuhusu kipofu yalizama ndani yake, hakuna aliyeyarudia. Mama alichukua kamera. Mimi, nikiwa nimenuna, nilichukua fundo kulipeleka shavuni, lakini babu aliniondolea mkononi. Akalishika mwenyewe, akalikaza chini ya jicho lake. Kamba ikanyooka. Mama akazungusha pete, kidole kikagusa alama.

"Achia, baba," alisema.

Babu hakuachia. Alisema kitu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini ambayo sikuipata. Mama akapiga hivyo hivyo.

Picha zilisafishwa mjini, zikarudi baada ya wiki kadhaa. Yangu ina vifungo vizuri sana. Ukitaka kujua shati la babu lilishonwaje, picha ipo. Lakini uso wake uko mvukeni, mzee yeyote wa Iramba angeweza kusema ni yeye. Nilimlaumu msafishaji, nikasema amemwaga dawa vibaya. Mama hakubisha. Ya kwake ina kope, moja moja. Ina yale makunyanzi madogo pembeni mwa jicho ambayo babu aliyapata kwa kutafuta ng'ombe juani. Nilisema imeharibika, kwa sababu kamba inaonekana.

Nilikuwa kidato cha pili mama alipopelekwa kufanyiwa upasuaji wa macho. Daktari alishangaa kwamba alikuwa ameendelea na kazi ya picha kwa miaka yote ile na ukungu wa namna hiyo. Hapo nilielewa kidole ndani ya kikombe. Nilielewa kamba, na alama za msasa ambazo hazikuwekwa zionekane bali ziguswe. Nilielewa pia nilichokisema uani mbele ya watu arobaini, na nilitamani sana kukisahau. Mama angepoteza wateja wote wa Shelui kama mzaha ule ungetembea. Haukutembea, na mimi nikadhani ni bahati.

Juzi nilikwenda kwake na lenzi hii mpya kwangu. Mama sasa anaona vizuri kuliko mimi. Alinisomea bei iliyobandikwa chini yake, maandishi madogo, akasema nimelaliwa. Nilimketisha mlangoni, nikamweleza kwamba kamera ya sasa inanikuzia jicho kwenye kioo, nazungusha pete mpaka kope zionekane, sihitaji kamba. Alisikiliza kwa heshima ambayo fundi humpa mwanafunzi. Ukutani juu yake ilikuwepo ile picha ya babu. Ndipo nilipomuuliza jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza.

"Mama, babu alijua?"

"Alijua tangu asubuhi, nilipommiminia chai."

"Na ulipomwambia aachie kamba, alikujibu nini?"

Mama alitazama mikono yake. "Alisema, 'Nikiachia nitasogea, nawe hutaniona nimesogea.'"

Nimepiga picha za watu miaka mingi sasa, nami huwaambia vijana wanaojifunza kwangu wasiogope lenzi ya bei nafuu, kwa sababu inawalazimisha kwenda polepole na kumtazama mtu. Nitaendelea kuwaambia. Lakini siku ile niliishusha picha ukutani, nikaifuta vumbi kwa upindo wa kanga ya mama, nikaitazama kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Babu amekaa wima, amebana pumzi. Fundo liko chini ya jicho lake, safi, kila uzi wa katani unahesabika, na vidole viwili vimelikaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Kutoka hapo kamba inakuja upande wetu, inaanza kufifia, inakuwa nene na laini kama moshi, mpaka inapotoka nje ya picha kwenda mahali aliposimama mama.